Mapasa Hawaulizwi Mmoja Mmoja

Kwetu, nyumba ikipata mapasa, yaani watoto wawili wa tumbo moja, inapata na sheria zake. Ukimpa mmoja ndizi, mpe na mwenzake. Ukimshonea mmoja nguo, kata kitambaa kilekile kwa wote wawili. Ukimchapa mmoja kwa kosa lake, mguse kidogo na mwingine, hata kama alikuwa amelala. Mama yao haitwi tena kwa jina, anaitwa Mama Mapasa, na mimi niliyemzaa yule mama nikawa Nkambo wa Mapasa, bibi mwenye cheo, bila kufanya kazi yoyote. Tena usimsifu mmoja huku mwingine anasikia, na usimwulize mmoja peke yake. Wazee wetu walisema pasa akikasirika anaweza kurudi kule alikotoka. Mimi ni mtu wa kanisa, misa sikosi, lakini sheria hizo nazifuata. Padri hana wajukuu.

Ninaanza na hayo kwa sababu bila hayo hamtaelewa jinsi nilivyowafundisha wajukuu wangu kusoma hapa nyumbani, Lubumbashi, na jinsi mmoja wao alivyokaa muda mrefu bila kusoma hata neno, na mimi nimekaa mbele yake.

Binti yangu anafanya biashara ya samaki. Anapanda gari kwenda Kasenga, kule Luapula, anarudi na vifurushi vya samaki wakavu, anauza, anaenda tena. Watoto wanabaki kwangu. Msichana alitoka wa kwanza tumboni, na alitoka anapiga kelele. Mpaka leo hajanyamaza. Mvulana alimfuata kimya, na yeye ana ule ugonjwa wa damu, SS, unaouma mifupa mpaka mtoto anauma blanketi. Mwaka walioanza masomo alikaa darasani siku chache, kitandani siku nyingi. Daktari akasema apumzike nyumbani kwanza, apate nguvu. Sasa msichana je? Nimtume peke yake, mwenzake amelala? Nani wa kwetu angefanya hivyo? Wakabaki wote wawili.

Mama directrice, mkubwa wa masomo yale, yaani shule yao, hakukasirika. Ni mama mwenye wazazi wa Kasai, anaongea taratibu, miwani imening'inia kifuani. Aliniambia: "Nkambo, basomeshe ku nyumba. Septemba ubalete, nitabasikiliza. Mwenye kujua kusoma ataingia deuxième. Mwenye hajue ataanza première. Kila mutoto na kipimo yake."

Kila mtoto na kipimo chake! Niliondoka pale nikihesabu saa za masomo. Pale kwao mwaka wa kwanza wanasoma asubuhi, mwaka wa pili wanasoma mchana. Mapasa wangu wangepishana mlangoni kama walinzi wa zamu.

Na mimi mwalimu gani? Nilisoma miaka miwili kwa Masista, kisha mama yangu akazaa, mgongo wangu ukahitajiwa. Kusoma kwenyewe nilikumalizia ndani ya misale, Jumapili kwa Jumapili, nikifuata kwa kidole kile padri anachosema. Ndiyo maana nikiandika naandika Kiswahili cha Masista, na nikifungua mdomo kinatoka cha hapa mjini. Marehemu mume wangu, mtu wa reli, alikuwa ananicheka: "Muke wangu anaandika sawa padri, anaongea sawa soko." Alikuwa mtu mzuri, ila alikoroma. Tuache hayo.

Nilikuwa na mfano mmoja tu. Zamani nilifua nguo kwa watu fulani huko Golf, kwenye nyumba zile kubwa. Watoto wao walikuwa na chumba cha kuchezea tu, na mama mmoja alilipwa acheze nao. Alipwe kwa kucheza! Nilirudi nyumbani nikasimulia jirani wote. Lakini nilipokuwa naanika mashuka nilimwona yule mama akificha herufi za mbao ndani ya mchanga, watoto wanachimba kama kuku, wanapiga kelele "B! B!" Sikusahau.

Basi tukaanza. Hesabu tulifanya kwa kisolo, ule mchezo wa mashimo na mawe. Nilichimba mashimo nyuma ya jiko, na baada ya majuma machache walikuwa wananishinda, tena wananidhihaki. "Nkambo, mawe yako iko inalia!" Kusoma tulifanya kwenye mkeka, pembeni ya mbabula, jiko letu la makaa, kukiwa na baridi, na kitabu cha Kiswahili cha darasa la kwanza ambacho jalada lake lilikwisha kuliwa na mbuzi wa mtu. Kwa kuwa mvulana ndiye mgonjwa, kitabu kilikaa magotini pake. Msichana alisimama nyuma yake, maana kukaa yeye hawezi. Nilisema, "Haya, pamoja!" Na sauti ya msichana ilijaza lupangu, ua wetu wote, mpaka jirani akatokeza kichwa juu ya ukuta.

"Nkambo, ule mwanamuke njo atakuwa ministre!"

"Bote mbili," nilijibu haraka, kwa ajili ya sheria. Lakini moyoni nilijua nani ananguruma na nani ananong'ona, na nilimhurumia yule wa kunong'ona. Nilijisemea, huyu mgonjwa atabaki nyuma, masikini.

Baridi ya Juni ikaja, na baridi ndiyo adui wa damu yake. Wakampeleka hospitali, mama yake akaacha samaki akalala naye kule. Nyumbani tukabaki mimi na msichana, nyumba kimya kama kanisa siku ya Jumatatu. Ili asilie nikatoa kitabu.

"Soma," nikamwambia.

Akakipokea. Akakigeuza. Akaangalia mkeka, pale mwenzake anapokaa.

"Nkambo, yee haiko."

"Najua. Soma we."

"Mapasa habaulizwe moja moja."

Nikacheka, jamani, sheria yangu mwenyewe imenirudia mdomoni mwa mtoto! Nikaweka kidole juu ya neno. "Hii?"

"Mama."

Ilikuwa maji. Nikaweka kidole juu ya lingine. Akatazama picha ya kuku, akatazama uso wangu, akasema, "Kuku." Ilikuwa yai.

Hapo nikaelewa, na nikakaa chini. Yule mdogo alikuwa ananong'ona, na huyu, mwenye masikio ya popo, alikuwa anadaka neno linapotoka na kulirusha juu kwa sauti kubwa. Pumzi moja tu ilikuwa kati yao. Angekuwa mtoto wa nyumba nyingine, mtu angemwuliza peke yake siku ya kwanza, mambo yangejulikana. Kwetu hakuna aliyethubutu.

Alikuwa ameanza kulia, si kwa kelele yake ya kila siku, machozi tu.

"Nkambo, batanitia mu première?"

"Usipojua kusoma, ndiyo."

"Na yee atakuwa mu deuxième na nani?"

"Na batoto bengine."

"Bale habajue." Akapangusa pua kwa mkono. "Maumivu inaanzaka mu macho. Macho yake inakuwa madogo. Yee hasemake kitu. Mi njo najuaka."

Na ni kweli. Kila mara ni yeye aliyekuja kuniita jikoni, "Nkambo, inaanza," kabla mvulana hajatoa hata mlio. Mimi sikuwahi kuona hayo macho yakiwa madogo. Mama yake pia hajui. Basi sikuogopa tena sheria ya wazee. Niliogopa darasa la mchana lenye watoto wengi, na mtoto anaumwa kimya kwenye dawati la nyuma, na mtu anayejua kumsoma yuko nyumbani anaruka kamba.

Nikaanza upya. Nilichora viboksi chini kwa majivu, ndani nikaandika ma, mi, mu, ka, ki, ku, aruke kwa mguu mmoja na kutaja anapotua. Akafurahi! Aliruka mpaka vumbi likaingia kwenye bukari, ugali wetu. Baada ya siku mbili alitaja vyote bila kukosa, nikamshukuru Mungu, kisha nikashtuka: alikuwa ameshika mahali, hakushika herufi. Nikachukua ufagio, nikafuta, nikabadilisha.

"Nkambo, unaiba!"

"Mi siibi. Ruka."

"Ma ilikuwaka hapa jana!"

"Imehama. Ata bantu banahamaka."

Akaruka kwa hasira, na kwa hasira ile akaanza kutazama chini. Niseme ukweli, mengi sikuyajua, nilijaribu tu, kama mtu anayetafuta chumvi jikoni kwa mwenzake.

Mvulana akarudi, amekonda, shingo kama ya kuku wa kijijini, na daktari amemkataza kukimbia. Furaha ilikuwa kubwa, lakini mimi niliingiwa na wasiwasi mwingine. Siku ileile dada yake alitua kwenye kiboksi, akasita, na kutoka kwenye kiti nikasikia "ki" ndogo kama ya panya.

"We! Nani amesema?"

"Mi sikusema kitu," akajibu. "Ni kikohozi."

"Kikohozi inasema ki?"

"Ya ku hospitali inasemaka."

Utamfanya nini mtoto kama huyo? Kumtenga sikuweza, kumkaripia ni kumkaripia mgonjwa. Lakini nilijua kitu kimoja juu yake: anachukia kushindwa kuliko anavyochukia sindano. Kwenye kisolo akishindwa anakataa chakula. Basi nikavunja kipande cha makaa, nikampa na katoni ya maziwa iliyochanwa. Nikasema: tunacheza kuficha. We huwezi kukimbia, utaficha na kuandika ni wapi. Dada yako anaweza kukimbia, atasoma na kutafuta. Kinachofichwa ni pipi. Pipi ni mbili, kama sheria, na hakuna atakayekula yake mpaka ile ya dada ipatikane.

Anayeficha akitaja mahali, ameshindwa. Hiyo hata watoto wa barabarani wanaijua.

Mara ya kwanza aliandika "ndani ya sufuria". Msichana alipindua ndoo, viatu, mito, akamkimbiza na jogoo wa jirani, sufuria hakuigusa. Mvulana amekaa, pipi yake imeloa jasho mkononi.

"Niambie herufi moja tu."

"Soma."

"Pasa yangu, moja tu!"

"Soma, mi niko na njaa!"

Akarudi kwenye katoni. Akaweka kidole. S, u. Su. Midomo yake ilikuwa inatembea, na mwenzake anatetemeka kwa kujizuia, kiganja mdomoni. Fu. Ri. Jua lilihama ukutani. Halafu alitoa mlio ambao nadhani ulisikika mpaka Kasapa, kule wanafunzi wa chuo kikuu wanakolala, akaingia jikoni, na mfuniko wa sufuria ukaruka.

Tangu hapo sikupumzika. Waliandikiana toka asubuhi. Katoni zikaisha, wakaandika mlangoni, wakaandika kwenye gunia la makaa. Siku moja nimekaa zangu kwenye kigoda, napembua mchele, msichana akasimama mbele yangu na kipande cha karatasi, akasoma kwa midomo, akanitazama vibaya.

"Nkambo, simama."

"Nisimame juu ya nini?"

"Iko chini ya Nkambo."

Na kweli ilikuwa chini yangu. Nilisimama, mchele ukamwagika, na sikukasirika hata kidogo.

Septemba ikafika. Niliwavalisha nguo za kitambaa kimoja, nikawashika mikono. Mama directrice alitupokea ofisini kwake, akavaa miwani, akasema nilichoogopa:

"Mumoja aingie, mwingine angoje inje."

"Mama directrice, ni mapasa."

"Naona, Nkambo. Njo maana angoje inje."

Mvulana akatoka, akakaa kwenye ngazi chini ya dirisha. Dirisha lilikuwa wazi. Msichana akapewa kitabu ambacho hatukuwahi kukiona, habari za mbuzi na mvua. Hakupiga kelele. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alisema polepole, kidole kinasukuma neno, neno linafuata. Alipofika kwenye "wakamkimbilia" alikwama. Wa, ka, akarudi, wa, ka, m. Niliona kichwa cha mwenzake kupitia dirishani, kimeinama, hakikutikisika. Akajaribu tena, akalipita, akavuka mpaka nukta ya mwisho. Jasho lilikuwa limemlowesha kola.

"Muzuri," mama directrice akasema. "Deuxième. Aite mwenzake."

Mvulana akaingia, akapewa ukurasa uleule. Sasa nisikilizeni. Huyu mtoto nilikuwa nampa misale yangu anisomee zaburi macho yangu yakichoka. Anasoma kama maji yanavyoshuka. Pale ofisini alianza vizuri, na mama directrice akainua nyusi, nikamwona anafikiri. Akageuka kwangu: "Huyu, Nkambo, labda tungemwangalia na ya troisième."

Mvulana alisikia hiyo ya mwaka wa tatu. Alifika kwenye "wakamkimbilia". Akakwama. Wa, ka, akasema. Akarudi. Wa, ka, m. Akapumua kama mtu anayepanda mlima, akakokota lile neno mpaka upande wa pili, na kuanzia hapo hadi mwisho alisoma polepole, kwa kidole.

Mama directrice alimtazama muda mrefu. Kisha akanitazama mimi. Mimi nilitazama viatu vyangu.

"Bon," akasema, akavua miwani. "Bote mbili deuxième. Na bakae dawati moja."

Njiani msichana alikuwa amepata tena sauti yake, anaruka mbele yetu, anarudi nyuma, anamchokoza.

"We! Leo ulisoma sawa mi! Ulikwama palepale!"

"Mudomo ilikuwa imechoka," akajibu.

"Bongo! Unadanganya!"

 Mvulana alikuwa anatembea taratibu, daktari amesema asikimbie, na baada ya hatua chache dada yake akaacha kuruka, akamwinamia usoni kidogo, akayatazama macho yake, akaona ni sawa, akaendelea kupiga kelele.