Bahasha za Jumapili

Kuna asubuhi moja, mwanangu, ambayo siisahau hata leo. Nilikuwa nimekaa katika ofisi ya uhamiaji ya nchi moja ya Ulaya, nimevaa koti la kuazima, mapajani nimeshika mfuko wa plastiki uliojaa risiti. Nilikuwa na furaha ya mtu mjinga. Niliamini kabisa kwamba risiti zile ndizo zingemleta binti yangu Nafula, aliyekuwa na miaka tisa, tuje tuishi pamoja.

Ngoja nianzie mbali kidogo. Mimi ni mzaliwa wa Rhonda, hapa Nakuru. Babu yangu alitoka magharibi kuja kufanya kazi ya reli, na kwetu hakuna aliyekuwa amepanda ndege kabla yangu. Nilipopata kazi ya kuwatunza wazee ng'ambo, Nafula alikuwa na miaka mitano. Babake alikuwa ameshatuacha, na sitaki kumtaja zaidi ya hapo. Nilimwachia mama yangu mtoto, nikaahidi kwamba nikishatulia tu nitamchukua.

Kazi ya wazee ilikuwa sawa, mshahara ulipitia benki ukiwa umeshakatwa kodi. Lakini mahitaji ya nyumbani unayajua wewe mwenyewe. Karo ya huyu, hospitali ya yule, mazishi, mabati ya nyumba ya kaka. Basi nikatafuta kazi nyingine, ya kusafisha mkahawa Jumamosi na Jumapili. Mwenye mkahawa akaniambia akiniandika kwenye vitabu vyake nitakatwa kodi, asiponiandika nitachukua yote mkononi. Sikufikiria hata dakika moja. Kila Jumapili jioni nikawa napewa bahasha.

Tulikuwa tukitunza wazee pamoja na mama mmoja wa Molo, Mama Chebet, mkubwa kwangu kwa miaka mingi. Siku moja akaniuliza tukiwa jikoni, "Rose, hii kazi yako ya wikendi, watu wa kodi wanaijua?"

"Waijue ya nini? Si kila mtu anafanya hivi?"

"Kila mtu hana mtoto wa kuleta. Wewe uko naye. Enda ujiandikishe, wakate hiyo kidogo yao, ulale vizuri."

Nikacheka. "Mama Chebet, wewe umeogopa wazungu tangu wakiwa na mashamba huko kwenu."

Alifunika chakula chake akaenda kula peke yake, na wiki nzima hakuniita mezani. Ningekuwa na akili ningemfuata nimwombe radhi. Mimi nilinuna, nikaona ananionea wivu.

Sasa sikia ujinga wenyewe. Kwetu ukienda ng'ambo unatuma pesa, na ukirudi lazima kuzuke maneno. Nilikuwa nimemwona dada mmoja jirani yetu akiaibishwa katika kikao cha familia, ndugu zake wakiapa hakuwahi kutuma hata shilingi. Nikasema mimi hawatanipata. Kila risiti ya pesa niliyotuma nyumbani niliitunza, nikazifunga kwa mpira, mwaka baada ya mwaka. Zilikuwa za kumnyamazisha kaka yangu.

Nilipoomba kumleta Nafula, kwenye fomu niliandika mshahara wa wazee peke yake. Ningeandikaje bahasha? Watu wa uhamiaji wakaniita, wakasema mshahara ule hautoshi kulea mtoto. Ndipo nikabeba mfuko wangu. Niliona nikiwaonyesha jinsi ninavyolisha ukoo mzima, wataelewa kwamba mtoto mmoja hanishindi.

Mama aliyenihudumia pale ofisini alizipanga risiti taratibu, akabonyeza kikokotoo chake, akanitazama bila hasira yoyote. "Umetuma nyumbani pesa nyingi kuliko ulizolipwa," akasema. "Wewe mwenyewe ulikuwa unakula nini?"

Nilikuwa nimejipeleka kortini na ushahidi wangu mwenyewe mkononi.

Ombi likakataliwa, jina langu likapelekwa kwa watu wa kodi. Walidai kodi ya miaka yote minne pamoja na faini, na mwenye mkahawa akasema hanijui. Kinachoniuma zaidi ni hiki: kama ningetangaza kazi ile tangu mwanzo, kodi ingekuwa ndogo, na mishahara yote miwili ingetosha kabisa kumleta mtoto. Pesa nilikuwa nazo. Kwa karatasi nilikuwa maskini, na ni mimi niliyejiandika hivyo.

Huku nyumbani Nafula alikuwa ameshaagwa. Unajua makanisa yetu, mtu akitaka kusafiri anaitwa mbele, anaombewa, anachangiwa cha njiani. Mtoto wangu alisimama mbele ya watu wazima wakamwekea mikono kichwani. Kisha hakusafiri. Kila Jumapili watu wakawa wanamuuliza, "Kwani wewe bado uko?" Mama aliniambia kwenye simu kwamba mtoto amekataa kwenda kanisani. Nikaomba nizungumze naye, akakataa na simu pia.

Nilikaa huko miaka kumi zaidi. Deni na faini vilinila kidogo kidogo, na niliogopa kwamba nikitoka sitaruhusiwa kurudi. Mwishowe nilimaliza kulipa, na bado hawakunipa kibali kingine cha kukaa, ikabidi nirudi.

Nilipofika Rhonda, mlango ulifunguliwa na msichana mrefu wa miaka kumi na tisa. Akanipa mkono. Akaniletea chai kwa kikombe cha wageni, akaniambia kwa adabu sana, "Karibu, jisikie uko nyumbani." Nilikuwa nimekaa katika nyumba niliyozaliwa. Leo ni mtu mzima, ana watoto, na mpaka sasa hajawahi kunikosea heshima. Afadhali angenitukana.

Mwanangu, najua una tiketi tayari na mtoto wako unamwacha hapa, na najua utakutana na mtu wa kukwambia chukua mkononi, nani atajua. Kazi yoyote utakayofanya huko, itangaze, hata kama ni ya saa mbili kwa wiki. Usipojua pa kutangazia, uliza mtu wa sheria, usiulize waoga wenzako. Na kama umeshaanza kuficha, jipeleke mwenyewe mapema ukaseme, kwa maana anayejileta husikilizwa kuliko anayekamatwa. Kodi utakayokatwa itakuuma mwezi mmoja. Mimi niliyoyaficha yananiuma kila nikiamkiwa shikamoo na mtoto wangu kama ninavyoamkiwa na watoto wa watu.

Nenda salama. Mungu akutangulie katika kila ofisi utakayoingia, jina lako lisomeke safi. Na siku utakayorudi, mtoto wako akurukie shingoni kabla hujatua mzigo.