Florante Aliyeogopa Vyura

Florante Agcaoili aliuawa vitani Korea akiwa na miaka ishirini na mitatu, na kila mwaka mji wetu wa mkoani Ilocos ulimkumbuka uwanjani pa shule kwa hotuba ndefu. Dada yake Basilisa, muuza vyura wa kitoweo sokoni ambaye wakubwa kwa wadogo tulimwita Manang, yaani dada mkubwa, aliwekewa kiti cha mbele. Miaka mitano alikaa kimya na leso yake. Mwaka wa sita meya akapaza sauti:

"Florante, simba wa Ilocos! Kijana asiyejua woga tangu tumboni mwa mama yake!"

Manang akaangua kicheko mpaka kiti kikalia.

"Nisamehe, Mheshimiwa," akasema akijifuta machozi. "Huyo unayemsifu simjui. Mdogo wangu alikuwa anaogopa chura."

"Chura?"

"Chura. Huyu huyu unayemnunua kwangu kila Jumamosi."

Uwanja ukalipuka kwa vicheko. Mwalimu Crispina, aliyemfundisha Florante darasa la pili, akadakia, "Kweli kabisa! Aliwahi kupanda juu ya meza yangu, akakataa kushuka mpaka kengele ya kwenda nyumbani."

"Na nyumbani je?" Manang sasa alikuwa amesimama. "Mvua ikinyesha tunatumwa majarubani kukamata vyura. Yeye kazi yake kubeba kikapu. Chura akiingia tu, kikapu anakitupa huko! Na barua yake ya kwanza kutoka vitani, mnajua aliandika nini? 'Manang, baridi ya huku inakata masikio, na chakula ni mkate juu ya mkate, lakini hakuna chura hata mmoja. Niombee vita viishe kabla ya joto.'"

Hata meya alicheka, akakunja karatasi yake.

Ndipo mgeni mmoja akanyanyuka nyuma, akiegemea fimbo. Alijitaja kuwa Ruperto, wa kikosi kimoja na Florante. Kututafuta kulimchukua miaka, maana Florante akiulizwa kwao ni wapi, alijibu tu, "Kwa Manang."

"Vyura walitokea, Manang," akasema. "Joto lilipoanza walijaa bondeni, makelele yao yanashinda mizinga. Nikapigwa risasi ya mguu, nikaangukia topeni katikati yao. Mara namwona Florante anakuja anatambaa, jasho linamtiririka. Akanibeba mgongoni. Njia nzima ananiambia, 'Ruperto, kitu kikiniparamia, sema ni jani.' Nami nasema, 'Jani hilo, ndugu yangu.' Hayakuwa majani."

Watu walicheka tena, safari hii kwa sauti ya chini.

"Akanifikisha handakini. Halafu akarudi kumchukua mwenzetu mwingine. Hakutoka tena."

Manang akaketi.

"Alirudi? Kwa vyura wale wale?"

"Wale wale."

"Mjinga huyu," akanong'ona. "Mjinga wangu huyu."

Meya akakohoa, akafungua karatasi yake aendelee.

"Keti kwanza, Mheshimiwa," Manang akamwambia bila kumtazama. Meya akaketi. Manang akavuta kiti kitupu karibu na chake, akakipangusa vumbi kwa leso.

"Njoo hapa, mdogo wangu," akamwambia Ruperto. "Nisimulie upya, taratibu. Siku hiyo alikuwa amekula?"