Zamu ya Mama Kula Likelemba

Shirika letu la kanisa, mtaani Mangobo, lilimpenda sana mama yangu, hasa wakati wa kumwombea. Kila Alhamisi kina mama walipokutana kusali rozari, kulikuwa na nia ya amani, nia ya waume waliopotea vitani, kisha nia ya "mugonjwa wetu". Mgonjwa mwenyewe alikuwa amekaa pale pale kwenye benchi, mzima wa afya, akiitikia amina. Ukoma ulimtoka kabla sijazaliwa. Masista waliomtibu kwao, mto unakoteremkia, upande wa Yangambi, walimwambia amepona, na alikuwa amepona kweli. Ila ugonjwa uliondoka na vidole vyake kadhaa, na watu wa kwetu huamini vidole kuliko wanavyomwamini daktari.

Tulikuwa wawili tu nyumbani. Papa, yaani baba yangu, alishuka Kinshasa na mashua ya mizigo, vita vikaufunga mto nyuma yake, akabaki upande wa serikali na sisi upande wa waasi. Mama akauza makala, yaani makaa ya kupikia. Hakuyapenda. Alijua kupika kuliko jirani zake wote, na kama dunia ingekuwa na haki angeuza chakula sokoni na kujenga nyumba ya matofali. Lakini nani angenunua? Makala yanaingia motoni, na moto, walidhani, husafisha kila kitu.

Pesa yake, hata hivyo, haikuogopwa na mtu. Noti zilizotoka kwenye viganja vile vile zilipokelewa sokoni, shuleni, kwenye kikapu cha sadaka, na hasa kwenye likelemba. Sijawahi kusikia noti ikikataliwa eti imeshikwa na mkoma.

Likelemba ilikuwa benki yetu, maana benki zenyewe zilikuwa zimeporwa mpaka viti. Kina mama wa shirika walichanga kila wiki, na kila wiki mmoja wao "alikula" mchango wote. Wengine walinunua gunia la chumvi wakaanza biashara, wengine wakaezeka upya paa lililotobolewa na mabomu ya yale majeshi mawili ya kigeni yaliyokuja kupigania mji usio wao. Hapakuwa na karatasi wala sahihi. Dhamana ilikuwa chakula: mwenye zamu alipika, wenzake wakala nyumbani kwake kutoka sahani moja, ndipo mchango ukatolewa. Aliyekula kwako hawezi kukukana kesho. Na ambaye chakula chake hakijaliwa, zamu yake haijafika. Ndiyo desturi, na mama aliiheshimu kuliko amri za Kanisa.

Mama présidente, mwenyekiti wa kina mama wa shirika, mke wa mfanyabiashara kutoka Butembo mwenye ghala la maharagwe na sabuni, ndiye aliyemwingiza mama katika likelemba. Ninasema hivi ili nisimwonee. Alikuwa mwanamke mwema kwa kiasi chake. Mama alichanga bila kukosa, hata wiki ambazo tulikula matembele bila mafuta, kwa sababu zamu yake ilikuwa imepangiwa mwezi wa kulipa ada ya mtihani wangu wa taifa. Nilikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari. Serikali ilikuwa imewasahau walimu, wazazi ndio waliwalipa, na kila mwezi tulifukuzwa darasani kama kuku mpaka pesa ipatikane. Mama aliuza makala kwa ajili yangu mpaka nikafika hapo. Bila mtihani ule ningebaki na miaka yote ya shule isiyo na cheti, na ningerithi magunia yake.

Wiki yake ilipokaribia, mama présidente alikuja nyumbani. Hakukaa.

"Mama, usijisumbue na kupika," alisema. "Tutapika kwangu. Weye utakuja tu kukala na bengine."

"Zamu iko ya nani?" mama akauliza.

"Iko yako, bien sûr. Lakini bamama bengine... unaelewa. Beko na woga."

"Zamu iko yangu, na chakula iko yangu. Muambie bakuje na njaa."

Nilimwomba apike wali, ambao watu hula kwa kijiko. Alinikata jicho. "Bote balipika lituma. Mie nitapika wali sababu gani?" Lituma ni ndizi zilizochemshwa, zikatwangwa, kisha zikakandwa kwa mikono mpaka ziwe mabonge laini. Kwa mikono, ndiyo. Hapo ndipo penye tatizo, naye alijua, na ndiyo maana hakutaka kitu kingine. Siku ile alishika mchi kati ya viganja viwili na kutwanga toka asubuhi. Alipika na samaki aliyetoka Yanonge, mnono, aliyenunuliwa kwa pesa ambayo sijui aliitoa wapi. Sijala tena lituma kama ile.

Walikuja wote. Walivaa vitenge vya Jumapili, wakasali, wakanawa mikono, wakakaa. Kisha maradhi yakaanza. Mmoja alikuwa na tumbo tangu jana. Mwingine alikuwa amefunga, na kwaresima ilikuwa imepita zamani. Wa tatu alisema daktari amemkataza ndizi, katika mji ambao hata panadoli ilikuwa ndoto. Mmoja aliichukua lituma, akaishika, akazungumza sana, na baadaye nikaiona chini ya benchi. Mama aliwatazama mmoja mmoja. "Kuleni," alisema. "Inapoa." Sahani ilibaki imejaa. Nilitaka kuipindua juu ya vitenge vyao, na hadi leo najuta kwamba nililelewa vizuri.

Mama présidente akakohoa. "Bon. Chakula hayikuliwa, na desturi munaijua. Alors, zamu itapita kwa mwenye kufuata. Lakini mama, hatutakuacha. Nilisema na padri. Dimanche atapitisha kikapu ya quête, ya kulipa examen ya mutoto. Utasimama tu mbele, batu bakuone."

Hivyo ndivyo haki ya mama ilivyogeuzwa kuwa huruma yao, kwa sauti ya upole, huku wakimshika mabega kupitia kitambaa. Yeye alikuwa mwanachama anayedai zamu. Wao walimtaka awe maskini anayepokea. Wageni walipoondoka, mama alikula lituma. Nami nikala, nikalia, nikala. Nilimwambia niache mtihani, nibebe magunia. Akasema kama ningerudia neno hilo angenipiga kwa mkono huo huo wanaouogopa.

Jumapili alisimama mbele ya altare. Padri, mtu mpole asiyependa kugombana na waamini wake wenye pesa, alihubiri juu ya Yesu aliyemgusa mwenye ukoma. Alihubiri vizuri, mimbari ikiwa kati yake na mama. Kikapu kikapita, na wale kina mama waliokuwa na matumbo mabaya wakatia noti huku wakijifuta machozi. Mimi nilizitambua zile noti moyoni: ilikuwa pesa yake mwenyewe, aliyoichanga wiki baada ya wiki, ikirudi kama sadaka.

Kikapu kilipowekwa mbele yake, mama alifungua fundo la kitenge chake, akatoa mchango wake wa wiki na kuutia ndani. Kisha akageuka.

"Bamama, aksanti," alisema kwa sauti ya sokoni. "Leo nimekula zamu yangu. Hii nalipa, iko ya mwenye kufuata."

Kiongozi wa kwaya aliokoa jahazi kwa kuanzisha wimbo. Wiki iliyofuata mchango wa mama ulirudishwa kupitia kwangu, na salamu kwamba apumzike, ameshateseka sana. Likelemba ikahamia kwenye ua mwingine, na sisi hatukuambiwa ni upi.

Nilifanya mtihani. Nikafaulu. Leo mimi ni mwalimu, na watu wa semina hupenda kunialika niseme jinsi imani, elimu na akiba ndogo ndogo zinavyowainua waliotengwa. Huwa nawaambia zinainua. Wanapiga makofi kabla sijaongeza kwamba waliokushika mkono wanaweza pia kuchagua mahali pa kukuweka.

Matokeo yalipotoka, kina mama walikuja kwetu wakiimba. Kwetu aliyefaulu hupakwa poda shingoni na usoni mpaka awe mweupe, na poda wakati ule ilikuwa ghali, ilikuja kwa ndege. Mama présidente alikuja na kopo jipya. Alinipaka yeye, wakanipaka wengine, kila mmoja akichota na kusema "mutoto wetu". Mama alikuwa mlangoni. Hakungoja kuitwa. Alikuja, akatia mkono wake wote ndani ya kopo, akanipaka shingo, mashavu, paji la uso, taratibu, kana kwamba ananiogesha. Viganja vyake vilikuwa vikavu na vya moto. Nilifumba macho.

Alipomaliza, alimrudishia mama présidente kopo. Lilikuwa bado na poda zaidi ya nusu. Mwenye kopo akarudi nyuma hatua moja, akitabasamu.

"Hapana, mama, bakia nayo," alisema. "C'est cadeau."

Wenzake wakapiga vigelegele kwa ukarimu ule. Mama akabaki amesimama na kopo mkononi, na mimi, mweupe kama maiti, nikasema aksanti.