Muhogo wa Kitabuni

Nilikinunua kitabu kile Kasulu mjini kwa sababu jalada liliahidi maisha ya wanawake wa huku kwetu. Nikamsomea mama uani, nyumbani Makere, huku akichambua maharage. Mwanamke wa kitabuni alilia akichota maji, akalia akilima, akalia hata akisuka mkeka, kana kwamba mwandishi amemkataza kucheka. Mimi nilishamchoka. Mama alisikiliza kwa adabu zote mpaka mwanamke yule alipoloweka muhogo mchungu asubuhi, na jioni hiyohiyo akausonga ugali.

Mikono ya mama ikasimama. "Haujakaa majini siku tatu, haujaanikwa, haujatwangwa, naye anaula?"

"Ndivyo kilivyoandikwa, mama."

"Basi mwache alie, mwanangu. Tumbo linamsokota."