Ubao wa Mazoezi wa Myriam

Constance Numbi hakuwa mtu wa kuamini kitu kwa sababu tu kimeletwa mlangoni kwake. Miaka yote aliyouza vitenge sokoni, kazi yake kubwa haikuwa kupima wala kukunja, ilikuwa kushuku. Kitenge kikiletwa alikisugua kwa kidole gumba, akakinusa, akakigeuza aone kama rangi imepenya hadi upande wa ndani, kisha akasoma maandishi ya ukingoni huku amefinya macho. Wenzake walimcheka, lakini wao ndio waliogombana na wateja ambao vitenge vyao vilichuja kwenye beseni la kwanza.

Tabia hiyo aliitoa sokoni akaileta nyumbani. Alizaliwa Kamina, binti wa mfanyakazi wa reli. Akaolewa Lubumbashi, akazaa, akafiwa na mume, na hatimaye akajenga nyumba yake Ruashi, upande ule ambako malori ya mgodi hupita na kuacha vumbi jekundu juu ya kila kitu kilichoanikwa. Fundi akimwambia saruji ni nzuri, alitaka mfuko ufunguliwe mbele yake. Akiandikiwa dawa, aliuliza kwenye famasi nyingine kabla ya kumeza. Na kitindamimba wake, Guelor, alipomleta Myriam nyumbani kumtambulisha, Constance alimtazama msichana yule kwa jicho lile lile la kitenge. Harusi ilipita, wajukuu wakazaliwa, na jicho halikupumzika.

Basi, siku Myriam aliposhuka kwenye teksi akiwa na boksi refu kwapani, Constance aliacha sombe, majani ya muhogo aliyokuwa akiyatwanga, akasimama katikati ya lupango, ule ua wa nyumba yake.

"Mama, niko naomba kintu kimoya," Myriam alisema baada ya salamu. "Niache hii planche hapa kwako."

"Kule kwenu Golf muko na vyumba mpaka vya kupoteza. Juu ya nini uilete Ruashi?"

"Kule bantu ni bengi, mama. Nitakuwa nakuya mangaribi, nafanya mazoezi kidogo, narudia."

"Mazoezi ya nini?"

"Banaita Pilates."

Constance alimkodolea macho. "Pilato? Ule mwenye alihukumu Yesu?"

"Hapana, mama. Pilates. Ni ya kukaza tumbo na kunyoosha mukongo."

Myriam alicheka, lakini kicheko chenyewe alikikata upesi, akabana mapaja na kuangalia chini. Constance aliliona hilo. Alimwonyesha chumba cha nyuma aweke ubao wake.

Kuanzia hapo Myriam akawa anakuja jua likianza kupoa. Alifika na mfuko mkubwa begani, akaamkia, akaingia chumba cha nyuma na kufunga mlango kwa ufunguo. Kutoka nje Constance alisikia kitu kikiteleza na kurudi, pumzi ndefu zikitolewa, kisha kimya, kisha pumzi tena. Akimaliza, Myriam alitoka uso umelowa jasho, akaenda nyuma ya nyumba na kufua kitambaa kimoja. Kila mara kitambaa kimoja. Hakukianika kambani. Alikikamua, akakitia katika mfuko wa plastiki, akaondoka nacho.

Mwanamke mwenye mashine ya kufulia nyumbani kwake anavuka mji kuja kufua kitambaa kimoja Ruashi! Constance aliligeuza jambo hilo kichwani akipika, aliligeuza akisali rozari. Mara aliwaza kuna mwanamume, na mazoezi ni kisingizio. Lakini mwanamume huyo yuko wapi, ikiwa Myriam haondoki katika kile chumba? Mara aliwaza ni dini mpya, zile za kufunga milango na kupumua kwa sauti. Kipi hasa? Hakujua, na kutojua kulimkera kuliko kosa lenyewe.

Jirani yake, Mama Chanda, alimkuta akimwaga maji uani.

"Mukwe yako anakuya na kasaki ku bega kila mara. Kuko nini?"

"Mukongo inamuuma. Anafanya mazoezi," Constance alijibu kwa ukali, utadhani ameulizwa kuhusu binti yake wa kumzaa.

Mama Chanda aliitikia "aah" ya kuvuta, akaenda zake. Constance alibaki na ndoo mkononi, amejikasirikia. Ameanza kumfichia siri mtu ambaye siri yake hata haijui.

Alasiri moja, akijua Myriam hajafika, aliingia chumba cha nyuma kwenda kuukagua ule ubao. Alikuwa na ufunguo wa pili. Hakuna mlango katika nyumba yake ambao hakuwa na ufunguo wake wa pili. Ubao ulilala sakafuni, wa plastiki nyeusi, wa kukunjwa. Ulikuwa na kamba za mpira zenye vishikio, na vigari viwili vidogo vya kutelezesha mikono au magoti. Constance aliupiga kwa kifundo cha kidole; ulitoa sauti ya debe tupu. Aliunusa: harufu ya viatu vya bei rahisi. Alivuta mpira akatazama mahali ulipofungwa, akaona ndoano nyembamba kama pini ya nywele. Kwenye boksi palikuwa na picha ya Mzungu mwenye tumbo bapa kama meza, anatabasamu huku amejikunja.

"Hii ni feki," alisema kwa sauti, ingawa alikuwa peke yake.

Lakini kitu feki unakijua vizuri ukikitumia. Alifunga mlango, akakaza kitenge kiunoni, akapiga magoti juu ya vigari na kushika vishikio kama alivyoona katika ile picha. Alisukuma. Vigari viliteleza mbele vizuri, hata akashangaa. Alijaribu kurudi. Tumbo lilikataa. Alijikaza kwa nguvu zake zote, na hapo ndoano ikachomoka, mpira ukampiga begani, naye akaanguka ubavu sakafuni kwa kishindo.

Hakuumia sana. Lililompata lilikuwa jingine, na alilitambua mara moja, maana halikuwa geni kwake. Kitenge kilikuwa kimelowa.

Alikuwa akijizoazoa ainuke aliposikia ufunguo ukigeuka. Myriam alisimama mlangoni. Alimtazama mama mkwe wake, akautazama ubao uliovunjika, kisha macho yake yakatua kwenye kitenge na maji kidogo sakafuni.

"Usiniangalie!" Constance alifoka. "Nilimwanga maji. Planche yako njo ya uwongo, inataka kuua bantu!"

Myriam aliingia. Alifunga mlango nyuma yake, akafungua ule mfuko mkubwa, akatoa kitambaa kikavu kilichokunjwa vizuri na kitenge safi. Aliviweka karibu na mkono wa mama, akageuka kuelekea ukuta.

Constance alibadilisha kitenge polepole. Alikitazama kile kitambaa kikavu. Alikitazama tena. Halafu akautazama mgongo wa mwanamke yule aliyegeukia ukuta, na vitambaa vyote vilivyofuliwa nyuma ya nyumba yake vikapata maana.

"Na weye?" aliuliza.

"Tangu nilizala mutoto wa pili," Myriam alisema bila kugeuka. "Nikicheka, inatoka. Nikikohoa, inatoka. Guelor hajue. Nilimwambia niko nalala na batoto juu banalia busiku. Kiné, munganga wa mazoezi wa ku lopital, alinionyesha ya kufanya, lakini ku nyumba sipate fasi. Dada za Guelor benye kuikala kwetu banaingia kila chumba bila kupiga hodi."

Constance aliketi juu ya boksi. Moyo wake ulikuwa tayari kutafuta uwongo ndani ya maneno yale, kama kawaida yake. Je, anasema hivi ili nimwonee huruma? Lakini ni nani angetunga jambo kama hilo?

"Miye tangu Guelor," alisema hatimaye. "Yeye njo alizaliwa muzito kupita bote. Alinipasula. Niliacha kuimba ku kanisa juu ya ile. Noti ya juu inaomba tumbo. Nilibaambia ba kwaya sauti imekufa." Alikunja kile kitenge kilicholowa. "Baba yake alikufa bila kujua."

Myriam aligeuka. Walitazamana, wote wawili na aibu, na kwa mara ya kwanza tangu harusi hakuna aliyekuwa wa kwanza kukwepesha macho.

"Basi onyesha," Constance alisema. "Na usinidanganye."

Myriam alitandika mkeka. Alimlaza chali, magoti juu, akamwambia atoe pumzi taratibu na kukaza chini kama anayezuia mkojo, ashikilie, aachie.

"Hakuna kintu," Constance alilalamika.

"Haionekane kwa inje, mama. Rudilia."

Akarudia. Akahisi kitu kidogo sana kikijikunja ndani, kama mdudu aliyeguswa.

"Na ile planche inasaidia nini?"

Myriam aliona haya. "Kiné alisema ata mukeka unatosha. Niliona mu telefone, bei ya chini, mwanamuke anasema ilimuponyesha. Nilizania nikiwa na kintu cha kununua, woga itapunguka."

Constance alicheka, akashika kitenge chake kwa hofu, akaendelea kucheka. Myriam naye.

Wiki zilizofuata walikuwa wawili nyuma ya mlango ule. Ndipo Guelor akaja, peke yake, bado na shati la ofisini, akakataa kiti.

"Mama, bibi yangu anakuya hapa kufanya nini? Na usinidanganye. Anarudi amechoka, analala mu chumba ya batoto. Kama kuko muntu, niambie."

Constance aliliona jicho lake mwenyewe katika uso wa mwanawe, jicho la kugeuza kitambaa upande wa ndani, na halikumpendeza. Angeweza kumwambia yote. Angeweza pia kumtukana. Aliogopa: wanaume wengine wakisikia jambo kama hilo huhamisha kitanda.

"Hakuna muntu," alisema. "Kuko ugonjwa, wa kuzala batoto yako. Hautasikia kwangu, ni wake wa kusema. Enda umuulize, lakini ikaa chini kwanza. Na kama utacheka, usirudie hapa."

Guelor aliondoka bila kuaga. Usiku ule Constance hakupata usingizi mzuri. Kesho yake Myriam hakuja, wala siku iliyofuata, naye Constance akawa anatoka hadi barabarani kila gari likipunguza mwendo.

Gari lenyewe lilikuja asubuhi, wakati hamtarajii mtu. Guelor alikuwa kwenye usukani, Myriam kando yake, macho yamevimba lakini uso umetulia.

"Vaa, mama," Myriam alisema kupitia dirishani. "Kiné anatungojea, wote wawili. Nilimwambia juu yako."

"Ulimwambia nini?"

"Kidogo tu."

Constance hakupenda ile "kidogo tu", lakini alivaa. Hospitalini Guelor alibaki kwenye benchi la nje na kutoa simu. Kutoka kwenye korido Constance aliendelea kumchungulia: je, anasoma kweli, au anajifanya anasoma asionekane uso? Kidole chake hakikusogea hata mara moja kwenye kioo cha simu.

Muuguzi aliita jina la Constance, kwa sauti kubwa kuliko mwenyewe alivyotaka. Alisimama, akakaza kitenge, akamwomba muuguzi amwonyeshe kitambulisho chake kwanza. Alipokiona, akaingia na Myriam.