Mama Mkasi na Gauni Linalokua

Kiwandani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Kuanzia mlinzi wa getini mpaka msimamizi, wote walimjua kama Mama Mkasi, na hata yeye akipiga simu kuomba ruhusa alisema, "Mama Mkasi hapa, leo siwezi kuja, naumwa." Miaka kumi na tisa alikaa kwenye meza ya mwisho, ile iliyo karibu na mlango wa kutolea mizigo, na kazi yake ilikuwa moja tu: kukata nyuzi. Nguo ikishashonwa hubaki na nyuzi zinazoning'inia, kwenye kola, chini ya vifungo, ndani ya mifuko. Mnunuzi akiuona uzi mmoja tu, mzigo mzima unarudishwa. Basi Mama Mkasi alizikata zote mpaka chini kabisa, na mshono uliokuwa na dalili ya kufumuka aliutia fundo kwa sindano ya mkono, ukatulia.

Usidhani ni kazi ya kitoto. Kaa pale wewe siku moja, shingo ikukakamae, vumbi la pamba likuingie puani, halafu uje uniambie. Mkono wake ulishazoea hata ukawa haumsikilizi tena. Siku moja alikuwa kwenye foleni ya benki, akaona uzi unaning'inia mgongoni kwa mzee aliyesimama mbele yake, mtu asiyemjua kabisa. Mkasi ukatoka mkobani wenyewe. Mzee alipiga kelele kwamba anaibiwa, watu wakajaa, na Mama Mkasi ikabidi awaonyeshe ule uzi kama ushahidi. Mzee hakusema hata ahsante.

Mumewe alishatangulia mbele ya haki, wakabaki wawili, yeye na bintiye. Binti alikuwa anamaliza chuo cha ufundi, upande wa ushonaji, na hapo ndipo tumbo joto la mama lilipoanzia. Msimamizi alishamwambia bila kumung'unya maneno: "Mama Mkasi, kiti cha jirani yako kiko wazi. Mwanao akimaliza chuo aje aanze Jumatatu. Kama hataki, nampa mwingine." Mtu mwingine angeruka kwa furaha. Mama Mkasi alisema ahsante sana, akaenda chooni, akalia. Hakumzaa mtoto yule aje kukunjia shingo kwenye meza ile. Lakini kazi nyingine ilikuwa haionekani, na mtoto asiye na kazi ni mzigo ambao hata binti mwenyewe hakutaka kuwa.

Njia nyingine ilikuwa moja. Chuo kiliandaa mashindano ya mawazo ya biashara. Timu ya kwanza ingepewa chumba chenye mashine nne za kushonea kwa mwaka mzima, waanze kazi yao wenyewe. Ya kwanza tu. Ya pili inapigiwa makofi, inarudi nyumbani.

Timu ya binti ilikuwa na watu watatu. Yeye ndiye mshonaji. Wa pili ni kijana waliyemwita Redio, kwa sababu ukishamwasha hazimiki. Wa tatu ni msichana wa hesabu waliyemwita Shangazi, ingawa ndiye aliyekuwa mdogo wao, kwa jinsi alivyopenda kuwagombeza. Walikuwa na wazo la gauni la shule linalokua pamoja na mtoto. Zaidi ya hapo Mama Mkasi hakuambiwa kitu.

"Linakuaje?" aliuliza. "Mnalimwagilia?"

"Utaona ukumbini, mama. Nataka ulione siku hiyohiyo, na watu wote."

"Makubwa! Yaani mimi ndiye wa kufichwa nguo?"

"Wewe hasa," binti akamjibu, akacheka mpaka akajishika mbavu.

Hapa ndipo mimi ninapokasirika. Angemwambia! Sentensi moja tu ingetosha, tena wakiwa wanakunywa chai. Lakini utamlaumu nani? Mtoto alitaka kumfurahisha mama yake, na mama alikubali kufichwa kwa sababu mtoto alikuwa anacheka, na siku zile kicheko kilikuwa adimu nyumbani.

Siku ya mashindano, alfajiri, binti aliingia kuoga. Gauni lilikuwa limetundikwa mlangoni, la buluu, kola nyeupe. Mama Mkasi alilizunguka mara mbili, hakujizuia. Akaona limekunjamana kidogo kiunoni. Akachomeka pasi. Kama afanyavyo mtu anayejua kazi, akaligeuza kwanza ndani nje, na huko ndani, jamani, akakutana na nyuzi. Zilikuwa tano. Mbili pindoni, mbili ubavuni, moja begani, kila moja ndefu kama kidole, zinaning'inia bila aibu.

"Masikini watoto," alisema peke yake. "Wamechoka mpaka wamesahau kumalizia."

Akauchukua mkasi. Akazikata zote tano, mpaka chini kabisa. Halafu akavuta mshono mmoja kidogo, akaona unataka kufumuka, akatikisa kichwa. Kila mahali alipokata akatia fundo la sindano, mara mbili mbili, dogo mno kiasi kwamba ukilipapasa hulisikii. Akapiga pasi, gauni likanyooka, akaligeuza tena kama lilivyokuwa. Kwa miezi mitatu alikuwa hana la kuwasaidia watoto wale. Hesabu hajui, kusema mbele za watu hawezi. Sasa na yeye alikuwa ameweka mkono wake. Alifurahi, kwa kweli alifurahi sana, na hakusema chochote, maana nguo iliyomaliziwa vizuri haitangazwi.

"Umenipigia pasi!" binti alisema alipotoka. "Mama, Mungu akupe nini?" Akalitia gauni kwenye mfuko bila hata kuligeuza, akatoka mbio.

Ukumbi wa chuo ulijaa. Mama Mkasi alipata kiti safu ya tatu, amevaa viatu vinavyombana, mkoba mapajani. Majaji walikuwa watatu: bwana mmoja wa benki, mama mwenye maduka ya nguo, na mkuu wa chuo. Timu iliyotangulia ilileta kifaa cha kumwagilia maua, kikawamwagilia majaji. Watu walicheka sana. Mama Mkasi naye alicheka, akijisemea moyoni kwamba hao basi wameshatoka.

Kisha wakaitwa akina binti. Dakika saba, saa kubwa ukutani inahesabu kurudi nyuma.

Redio akamwaga sera. Alisema mtoto anakua na sare haikui, akamwigiza baba anayevuta gauni la mwanawe lifike magotini, ukumbi ukavunjika mbavu. Shangazi akasoma takwimu zake bila kupepesa macho. Bwana wa benki akaandika kitu. Mama mwenye maduka akasogea mbele kwenye kiti chake. Mama Mkasi aliona yote hayo, na moyo ukaanza kumwambia kwamba inawezekana, inawezekana kabisa.

Ndipo binti akachukua kipaza sauti, gauni mkononi.

"Nani hapa hajawahi kufungua gunia la unga?" aliuliza. "Ukipata uzi wenyewe, ukavuta mara moja, mshono wote unafunguka. Sisi tumeuchukua mshono huohuo. Ndani ya gauni hili tumekunja kitambaa cha ziada, na kila kunjo tumelishona kama gunia, tukaliachia mkia wa uzi. Mtoto akirefuka, mama yake anavuta mkia tu. Hahitaji fundi. Hahitaji hata mkasi."

Mama Mkasi alisikia neno mkia, akazikumbuka zile nyuzi tano.

Alijua kabla ya mtu yeyote ukumbini. Alijua kabla ya binti mwenyewe, aliyekuwa anatabasamu, analigeuza gauni taratibu kama mtu anayefungua zawadi. Vidole vyake vikapapasa pindoni, kushoto. Vikapapasa tena. Vikaenda kulia. Tabasamu likabaki usoni lakini halikuwa na mwenyewe tena.

"Samahani kidogo," binti alisema. Akaenda ubavuni. Akaenda begani. Hakuna.

Sasa fikiria uko kwenye kiti kile. Yeye peke yake ndiye aliyejua kila fundo liko wapi. Mkasi ulikuwa mkobani, na sindano pia, imechomekwa kwenye bitana. Kata fundo, nyanyua kitanzi cha mwisho, vuta, basi. Nusu dakika kwa mkono wake. Na kutoka kiti kile mpaka jukwaani zilikuwa hatua kumi na tano. Akasimama.

"Mama, kaa chini tafadhali," alinong'ona mwanamke wa mapokezi aliyekuwa amesimama pembeni ya safu. "Unawakinga walio nyuma."

"Mwanangu anahitaji sindano."

"Wakati wa timu hakuna anayepanda jukwaani. Ni sheria. Ukipanda, wanatolewa."

"Nusu dakika tu, dada yangu. Naomba."

"Watatolewa, mama. Kaa."

Akakaa. Angefanya nini? Jukwaani binti alikuwa ameanza kuuvuta mshono kwa kucha, kisha kwa meno, mbele ya watu mia tatu, na kwa kuwa alikuwa anavuta upande usio wa kufungukia, mshono ulizidi kukaza. Redio akaongea, akaongea, akarudia hadithi ya baba wa gauni, na safari hii hakuna aliyecheka. Saa ukutani ilikuwa inakula dakika. Mama Mkasi aliuma leso yake. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Binti akalisogeza gauni karibu na macho. Aliliona fundo. Mishono miwili iliyopita mmoja juu ya mwenzake, midogo, safi, na duniani kulikuwa na mkono mmoja tu unaoifanya hivyo. Akainua uso, akatafuta safu ya tatu, macho yao yakagongana.

"Wazo tumelielewa," alisema mama mwenye maduka, na sauti yake haikuwa mbaya. "Lakini tulitaka kuliona likifanya kazi. Nani alilishika gauni hili mara ya mwisho?"

"Jana lilikuwa sawa!" Shangazi aliruka. "Tumelijaribu mara kumi!"

"Ndiyo maana nauliza. Nani?"

Hapo Mama Mkasi alikuwa na nafasi yake. Hakuna sheria iliyomkataza kusema kutoka kwenye kiti. Neno lilikuwa moja, mimi, na lilifika mpaka kooni. Akawaona mawazoni watu mia tatu wakigeuka. Akamwona bwana wa benki akimtazama kuanzia kilemba mpaka viatu. Akasikia mtu akisema, kumbe mama yake ndiye aliyewaharibia. Neno likabaki palepale.

"Ni mimi," alisema binti. "Nilikata nyuzi asubuhi nikilisafisha. Sikufikiri. Samahanini."

Redio alimgeukia kama mtu aliyetemewa mate. Kengele ikalia.

Wakawa wa nne. Chumba na mashine nne vilikwenda kwa wale wa maua, maana bwana wa benki alisema hata kama walimlowesha suti, angalau maji yalitoka. Nje, kando ya ukuta wa maegesho, Redio alimwakia binti mpaka mishipa ya shingo ikamtoka: "Umetuua! Miezi mitatu, umetuua kwa mkasi!" Binti alijibu, "Najua." Mama Mkasi alikuwa amesimama hatua mbili kutoka pale, ameshika mkoba kwa mikono miwili, na mara ya pili siku ile hakufungua mdomo. Shangazi ndiye aliyekuja kumshika bega, akamwambia, "Pole mama, usimgombeze sana." Ningekuwa mimi ningekufa palepale.

Nyumbani binti alivua viatu, akaosha vyombo vya asubuhi, akavipanga. Mama alimfuata jikoni mara tatu, na mara zote tatu akaishia kuuliza kitu kingine: kama maji yapo, kama dirisha limefungwa, kama atakula. Binti alijibu kila swali kwa upole, na upole ule ulimuuma mama kuliko kupigwa kofi. Jumamosi ikapita hivyo. Jumapili ikapita hivyo.

Jumatatu saa moja asubuhi msimamizi alimkabidhi mfanyakazi mpya aproni na mkasi, akamwelekeza kwenye kiti cha jirani. "Mama Mkasi, huyu sina haja ya kumtafutia mwalimu," alisema akicheka. "Mfundishe yote unayoyajua." Kisha mashine zikawashwa, mia moja na zaidi kwa mpigo, na kiwanda kizima kikaanza kutetemeka.

Binti alivuta shati la kwanza. Akaligeuza ndani nje bila kuambiwa, akatafuta uzi, akaukata mpaka chini kabisa. Alikuwa na mkono mwepesi. Mama Mkasi alimtazama shingo, ile shingo iliyonyooka, ilivyoanza kuinama juu ya meza, na machozi yakamjaa. Akamsogelea sikioni.

"Nisamehe, mwanangu," alisema.

"Eti mama?" Binti alipaza sauti juu ya kelele za mashine, akamgeukia. "Sijakusikia!"

Mama Mkasi alimtazama. Watu wa meza ya pili walikuwa wameinua vichwa, wanawatazama.

"Nimesema ukimaliza hiyo, chukua nyingine!"

"Haya mama," binti alisema, akachukua nyingine.