Nilimpa Mtaalamu Maji Matamu, Wifi Yangu Akavuna Makapi

Jina langu liacheni. Kosa ni langu, wala msimsingizie shetani. Siku ile alikuwa na shughuli zake. Kusoma sijui. Mie nasema, binti wa jirani anaandika, na nimemkataza asinirembe.

Alikuja kwetu huku deltani, upande wa Mbuchi, binti mmoja mtaalamu, kajipaka mafuta ya jua mpaka masikioni. Anapima chumvi ya maji mashambani, ijulikane nani apewe mbegu ya mpunga inayovumilia chumvi. Mbegu yenyewe haitoshi wote. Akasimika vigingi huku na huku.

"Bibi, sehemu zimechaguliwa kwa nasibu, kusiwe na upendeleo."

Nasibu yenyewe haina macho. Kigingi kimoja kikatua kwenye matope ya kaa, kingine shambani kwa wifi yangu, mjane wa kaka yangu.

"Na pasipo na kigingi je?" nikamuuliza.

"Kompyuta inakadiria, Bibi. Sehemu zilizo karibu hufanana, kwa hiyo inaangalia majirani."

Nikacheka. Kumbe umbea nao unasomewa chuo.

Matope yakamshinda, akanipa mie chupa nikamchotee maji, kila moja na rangi ya kigingi chake. Nikafika kwa wifi, nikachota, nikaonja. Chumvi kama mchuzi wa bibi harusi.

Aibu ikanishika. Sie huku mgeni hapewi maji ya chumvi. Sasa niyafunge chupani, yakatutangaze mjini? Nikayamwaga. Nikapanda juu kwenye kijito chenye maji matamu, nikajaza chupa ya wifi, na za vigingi vya jirani nikazijaza humo humo. Mwerevu mie.

Ramani ikarudi. Mwenyekiti wetu akaikunjua mkutanoni, kifua mbele utadhani kaichora yeye: "Ndugu wananchi, palipo bluu pana maji matamu. Sayansi haidanganyi."

Upande wa wifi ulikuwa bluu tupu, kama kanga mpya. Mbegu ya chumvi wakamnyima.

Njiani akanishika mkono, na ile sauti yake ya puani: "Wifi, mie maji yale nayajua. Yanakausha ulimi."

"Unajua kuliko kompyuta?" nikamjibu. Mie huyo, nisiyejua hata kuiwasha.

Akapanda mbegu ya kawaida. Bahari ikajaa, maji ya bamvua yakaingia na chumvi yake, mpunga ukakauka ncha kama umechomwa kiberiti. Na shamba analo hilo hilo moja. Akavuna makapi.

Nikaenda kumweleza. Nilitegemea matusi; matusi ningeyaweza, yangu ninayo akibani. Hakutukana. Akanikaribisha mkekani, akashuka shambani na bilauri, akarudi nayo imejaa.

"Kunywa, wifi. Maji ya bluu hayo."

Nikanywa yote, yeye ananitazama.

Mpunga wangu sasa tunakula wawili. Mtaalamu naye nimempigia simu, sauti ya chuo ikamwisha: "Bibi, kwa hiyo ramani nzima haifai?" Nzima, mwanangu.

Basi nyie mnaopenda kujipamba mbele ya mgeni, mchinjieni kuku, mtandikieni shuka jipya. Ila akija kupima chumvi yenu, mpeni kama ilivyo. Ukimficha mgeni, yupo wa nyumbani atakayeila.